Niliwaambia Ni Upepo

Picha ya mwisho ya Edwini niliipiga mimi. Amenipa mgongo, maji ya bahari yamemfika kifuani, mkono mmoja ameuinua juu. Anarudi kumfuata mke wake, Jeneroza, aliyebaki peke yake kwenye fungu la mchanga lililokuwa linazidi kuwa dogo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Edwini kuonekana kwenye picha, na mwili wake haukupatikana. Kwao Ihembe, kwa zaidi ya mwaka mzima, watu walisema Jeneroza ndiye aliyemponza mumewe kwa kupenda picha. Mimi nilijua kuwa si kweli, nikanyamaza.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopiga picha za harusi Karagwe na Kyerwa, ninyi mnaoniita Mzee Picha mnaponikuta barabarani Omurushaka. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini nimeacha kazi wakati miguu bado inapanda mlima. Nimekuwa nikiwajibu kwamba macho yamechoka. Macho yangu hayana shida.

Nianze na ukuta. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kalisti, mwenye studio ya chumba kimoja pale Omurushaka, enzi za filamu. Ukuta wake wa nyuma ulichorwa bahari: maji ya buluu, kisiwa kidogo, minazi mitatu. Mchoraji alitoka Bukoba na hakuwahi kuona bahari. Alikuwa amechora Ziwa Viktoria akaongeza minazi. Mnazi mmoja ulikuwa na majani ya mgomba kabisa. Mteja mmoja kutoka Rugu aliusogelea, akautazama, akauliza, "Kalisti, ndizi za kisiwa hiki huiva lini?" Kalisti akamjibu, "Zikiiva nitakuita. Kaa chini, inua kidevu."

Nusu ya wazee mnaowaona leo walifunga ndoa mbele ya kisiwa kile. Nimepiga picha za bahari miaka mingi kabla ya kuiona, na kwa muda wote huo haikuwahi kumlowanisha mtu.

Baadaye watu walianza kutaka picha za nje, na Kalisti akanipa kanuni yake: mahali pakaguliwe asubuhi, picha ipigwe jioni. Asubuhi unakwenda bila kamera. Unasimama, unazunguka, unaangalia jua litashukia wapi. Ukipata mahali, unachomeka kijiti pale miguu ya bwana harusi itakapokaa. Jioni unakuja na watu wako moja kwa moja kwenye kijiti, hupotezi mwanga kwa kutangatanga huku bibi harusi anachafua gauni.

Ni kanuni nzuri kwa nchi ya milima, kwa sababu mlima hauondoki. Kati ya asubuhi na jioni kinachobadilika ni mwanga. Mwanga na ng'ombe, niseme.

Ng'ombe nilijifunza Rugu. Nilikagua kilima cha nyasi fupi, kizuri kama mkeka, nikachomeka kijiti. Jioni tulipofika na maharusi tukakuta kundi zima limelala pale pale, limetafuna na kijiti. Nikamwomba mchungaji awasogeze. Alikuwa ameegemea fimbo yake, hakujisumbua hata kusimama wima.

"Mzee, ulipanga na nani?"

"Nilikagua asubuhi."

"Asubuhi wako mtoni. Ungeniuliza mimi."

Tuliishia kupiga picha katikati ya ng'ombe, shela ikiwa imenyewa pembeni, na hadi leo familia ile inaitundika picha hiyo sebuleni. Usiku huo niliandika kwenye daftari langu: *muulize mwenyeji jioni huwaje hapa.* Nimelitunza daftari hilo. Mstari huo upo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na siku nilipouhitaji kuliko siku zote sikuufuata.

Ngoja niseme mengine ya kazi kabla sijafika huko, maana ndiyo mnayoyatafuta kwangu.

Ukitaka mahali penye mandhari, usiulize watu wa nyumba za wageni. Angalia akina mama wanaotoka kuchota maji wanatua ndoo wapi. Mtu aliyechoka huchagua mahali penye upepo na panapoonekana mbali. Upande wa Kyerwa, kule milima inakoshukia Mto Kagera, nilipata mahali pangu bora kwa kufuata ndoo tu. Ukungu wa pale uwahi kabla ya saa mbili. Ukipiga stori unapotea. Usikubali mstari wa milima upite shingoni mwa mtu, utamchinja. Suti nyeusi na gauni jeupe vikikaa pamoja, pima mwanga wa sura, hivyo vingine vitajijua. Na hizi sehemu mnazoonyeshwa na simu, ambazo kila mtu ameshapigia picha, zitawapa picha ambayo kila mtu anayo.

Sasa Edwini.

Alikuwa bwana shamba, mtoto wa mwisho wa Mzee Novati na Mama Leonida wa Ihembe, wenye kibanja kile kikubwa cha ndizi na kahawa karibu na kanisa la kigango. Mimi ndiye niliyepiga picha za ubatizo wake, komunyo yake ya kwanza, na hatimaye harusi yake na Jeneroza, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nkwenda, Kyerwa. Kaka yake mkubwa anayeishi Dar es Salaam aliwapa zawadi ya wiki moja kwenye kisiwa kimoja cha pwani. Edwini akaomba zawadi iongezewe mtu mmoja: mimi.

"Mzee, baba na mama walipigwa picha mbele ya bahari ya Kalisti," aliniambia. "Mimi nataka ya kweli, na mkono uwe ule ule."

"Ya Kalisti haina chumvi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka ya kweli."

Jeneroza alicheka. "Mkinipiga picha sana nitarudi Nkwenda nimebaki mifupa. Siku moja inatosha, jamani. Siku nyingine mniache nile samaki." Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu huyu ndiye waliyekuja kusema alipenda picha.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, nilikwenda kukagua bila kamera, kama kawaida yangu. Nilitembea ufukweni hadi nikaona fungu la mchanga mweupe limejitokeza mbele, mbali kidogo na nchi kavu, limepinda kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Ili kulifikia nilivuka bondeni, mahali palipoinama, mchanga umelowa tu. Nikapanda juu ya fungu. Maji pande tatu, kisiwa nyuma, hakuna nguzo wala paa la bati. Nikaona picha nzima. Nikachomeka kijiti.

Palikuwa na watu ufukweni. Sikumuuliza yeyote.

Tulirudi saa tisa na nusu, Edwini na suti yake, Jeneroza na gauni lake la harusi, pindo amelikunja mkononi. Lile bonde sasa lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

"Mzee, asubuhi palikuwa na maji hapa?" Jeneroza aliuliza.

"Kidogo," nikasema. Hapakuwa na maji. Nikaongeza, "Ni upepo unayasukuma."

Vijana, mimi ni mtu wa ziwani. Nimepiga picha Ziwa Burigi mara nyingi. Pale upepo wa jioni ukivuma, maji yanalowanisha matete hatua moja au mbili, kisha yanarudi. Hayo ndiyo maji niliyoyajua. Kwamba maji yote ya bahari hutoka na kurudi kila siku, nilikuwa nimewahi kulisikia kama mtu anavyosikia habari za nchi ya barafu. Sikuwahi kulibeba kichwani kama jambo la kazi yangu.

Kijiti changu nilikikuta ndani ya maji. Nilikuwa nimekichomeka pakavu. Nilikitazama, nikajiambia nimesahau nilipokiweka, nikakichomoa nikakihamishia juu zaidi. Nimetafuta namna nyingi za kujitetea kwa mambo mengine ya siku ile. Kwa kijiti sijapata.

Tulipiga picha. Mwanga ulikuwa mzuri, siwezi kuwadanganya. Mchanga mweupe hurusha mwanga kutoka chini, sura inang'aa bila msaada wa kitu chochote. Wanawake wawili wenye ndoo walipita bondeni wakirudi nchi kavu; walitoka kutafuta pweza kwenye miamba, na maji yalikuwa yamewafika magotini.

"Shikamoo babu," mmoja aliita. "Maji yanajaa. Tokeni."

"Marahaba mwanangu. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi za mtu mwenye kamera nazijua. Tokeni sasa."

Nikampungia mkono. Jeneroza akamshika mumewe mkono wa koti. "Edwini, twende. Umemsikia dada." Edwini akanitazama mimi. Nikasema, "Mwalimu, mwanga ndio kwanza unaingia. Simama hapo hapo, mwangalie mumeo." Akasimama. Ni mtoto aliyelelewa. Mzee amesema, akasimama. Lakini katika picha kumi na moja za mwisho hamwangalii mumewe, wala haniangalii mimi. Wakati ule nilikasirika, nikaona ananiharibia kazi.

Kamera huandika saa. Kati ya onyo la yule mwanamke na picha ya mwisho pale mchangani zilipita dakika thelathini na nne.

Nilipoinua kichwa, bonde halikuwa bonde tena. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu kati yetu na nchi kavu, kama mto baada ya mvua. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Edwini ndiye mrefu. Akasema atatuvusha mmoja mmoja, akamshika mkewe mkono.

Jeneroza akajitoa. "Mtangulize mzee."

Mnajua kwetu. Mzee hutangulizwa kwenye chakula, kwenye kiti, kwenye mvua. Hatukuwa na muda wa kubishana, lakini neno moja lingetosha. Ningesema, "Hapana, anza na mkeo." Sikulisema. Nilimpa Edwini mkono.

Maji yalinifika shingoni. Alinishika mkono kwa mkono mmoja, na kwa mwingine aliinua mfuko wangu wa kamera juu ya kichwa chake, usilowane. Tulipofika akanikabidhi mfuko, akavuta pumzi, akageuka. Nikatoa kamera, nikapiga. Msiniulize kwa nini. Mkono ulizoea kazi yake.

Alimfikia mkewe. Wakaanza kurudi, na gauni likanywa maji likawa zito, likawavuta upande. Wale wanawake wa pweza walikuwa wamekimbia kumwita mtu mwenye mtumbwi. Edwini alimsukuma Jeneroza mbele kwa mikono yote miwili, mwenye mtumbwi akamdaka kwapani. Kwa kusukuma hivyo Edwini alipoteza mchanga chini ya miguu. Aliita mara moja. Watu wa kisiwa walitafuta siku nne, na hakuna aliyetuambia neno la lawama.

Lawama tulizikuta nyumbani.

Kwa kuwa hapakuwa na mwili, pale Ihembe tulizika shina la mgomba lililofungwa shuka, kama wazee wanavyofanya kwa mtu aliyepotea. Jeneroza alikaa mlangoni kwenye majani yaliyotandikwa kwa msiba. Dada yake Mzee Novati, shangazi Koleta, ndiye aliyeanza.

"Tangu lini mtu wa Ihembe akafa baharini? Tumeishi na ndizi zetu hapa hakuna aliyekufa maji. Ni gauni lile na mapicha yale."

Mtu akageuka kwangu. "Mzee, wewe ulikuwepo. Walifuata nini kule mchangani?"

"Walikwenda kupiga picha," nikasema.

Nikaishia hapo. Nimefikiria sana jibu lile. Kila neno ndani yake ni la kweli, na kwa jibu lile Jeneroza alihukumiwa. Aliinua macho akaniangalia mara moja, kisha akayarudisha chini. Mjane mchanga hawezi kumpinga mzee kwenye matanga ya mumewe. Alijua hivyo, nami nilijua. Wiki ile ile kaka yake Jeneroza alikuja, sanduku la dada yake likafungwa kwenye pikipiki, wakarudi Nkwenda. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Hakuna aliyemwambia abaki.

Habari ikatembea. Niliisikia kwa wanunuzi wa kahawa, niliisikia nje ya kanisa, niliisikia stendi ya Omurushaka, watu wananionyesha kidole kwa huruma: huyu ndiye mzee aliyeponzwa na yule mwanamke wa picha, akaponea chupuchupu. Nikawa napewa kiti. Kwa Mzee Novati nikawa nakaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama ndugu wa marehemu.

Aliyenivunja ni Mama Leonida. Alikuja kwangu mchana mmoja, peke yake, akasema anataka kuona picha zote, hata mbovu. Nikamwekea kiti. Alizipitia moja moja bila kulia. Alipofika kwenye zile kumi na moja akasita.

"Mbona huyu binti haangalii kamera?"

Nikaanza kuzipanga zile alizokwisha kuziona.

"Nakuuliza. Anaangalia nini?"

"Maji," nikasema.

Kisha nikamweleza. Upepo, kijiti, mwanamke wa pweza, dakika thelathini na nne. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nani alitangulia kuvuka?"

"Mimi."

"Nani alisema utangulie?"

"Jeneroza."

Alizikusanya picha, akazigonga kwenye meza zilingane. "Hayo utayasema mbele ya Novati na mbele ya Koleta. Si kwangu tu. Jumapili."

Jumapili nikayasema. Shangazi Koleta alisimama. "Mwaka mzima unakunywa rubisi yetu, na neno hili umelikalia?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mzee wa namna gani?"

Mzee Novati akasema tu, "Mwanangu alifanya kama nilivyomfundisha. Alitanguliza mzee." Ningependa angenipiga.

Tulikwenda Nkwenda watu watatu: Novati, Leonida na mimi. Jeneroza alipiga magoti akawaamkia baba na mama, akaniamkia na mimi, "Shikamoo mzee," sauti ile ile. Akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kikazunguka kwetu sote. Mzee Novati akamwambia, "Binti yangu, tulikukosea. Nyumba aliyoijenga mumeo ipo, mama yako anaifagia. Ni yako."

Jeneroza alitafuna kahawa yake polepole.

"Baba, mlinisema wapi?"

"Nyumbani."

"Siyo nyumbani tu. Nilisemwa kanisani. Nilisemwa kwa wanunuzi wa kahawa. Nikipanda basi la kwenda Omurushaka nashuka kabla halijafika, napita njia za nyuma kwa miguu, kwa sababu pale stendi wananijua. Leo mmekuja watatu, mmekaa sebuleni kwa kaka yangu, mlango umefungwa." Akanigeukia. "Mzee, Omurushaka umeshasema?"

"Bado."

"Basi."

Alitusindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote.

Tangu hapo nimekuwa nikisema. Nilianza nje ya kanisa, baada ya misa, kwa ruhusa ya katekista. Nikaenda kwa wanunuzi wa kahawa, duka kwa duka. Nikaenda stendi mchana, watu wakiwa wengi, nikasimama karibu na wauza maandazi nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Wengine walisikiliza. Kijana mmoja alisema, "Mzee amezeeka, anajibebesha." Mama mmoja aliniuliza kwa ukali, "Na huyo mwanamke amekulisha nini mpaka umtetee?" Habari hii inakwenda polepole kuliko ile ya kwanza, ile ya kwanza sikuwahi kulazimika kuibeba. Ndiyo sababu sasa naiandika, niwape ninyi mnaofika kwenye harusi nyingi kuliko mimi. Mkisikia mtu anasema mwalimu wa Nkwenda alimponza mumewe kwa picha, mwambieni aliyepiga picha amekanusha. Mtajeni mpiga picha.

Na mkienda kupiga picha mahali msipopajua, ulizeni. Msipojibiwa, subirini. Mkionywa, fungeni mfuko papo hapo, hata mwanga uwe wa namna gani.

Jeneroza hajasema atakuja Ihembe, wala hajasema hatakuja. Wiki iliyopita mwenye duka moja pale stendi aliniambia kwamba alimwona. Alishuka kwenye basi la kutoka Kyerwa mchana kweupe, katikati ya watu, akanunua chaki boksi mbili na sabuni, akasimama mlangoni pa duka kama robo saa akitazama barabara inayokwenda upande wa Ihembe. Kisha akapanda basi la kurudi Nkwenda. Nilimuuliza mwenye duka kama kuna mtu aliyemwambia neno, baya au zuri. Alisema hakuangalia; alikuwa na wateja.